Kipande Kilichojua Gredi Yake

Jumanne saa tano na dakika kumi asubuhi, muuguzi wa chumba cha upasuaji alitoka na kopo la plastiki lenye kifuniko chekundu, akamkabidhi Magdalene, mke wa mgonjwa, pamoja na fomu iliyokunjwa mara mbili. Ndani ya kopo, katika maji ya dawa, kulikuwa na kipande cha nyama cha rangi ya uji wa wimbi, kikubwa kama maharagwe matatu. Kwenye lebo waliandika: Njau Gachau, miaka 47, ubongo, kushoto. Hospitali hiyo ya Thika ilikuwa na watu wa kupasua kichwa, lakini haikuwa na mtu wa kupeleka vitu maabara. Hiyo ni kazi ya familia. Kila mtu anajua, na hakuna anayeuliza kwa nini, maana ukiuliza unaambiwa urudi kwa benchi.

"Peleka maabara ya Ruiru," muuguzi alisema. "Usitikise, usiweke kwa jua."

Magdalene akalitia kopo kwenye kiondo, akashuka ngazi. Hakuwa amefika langoni kopo liliposema, "Maggie, wewe hujakunywa chai."

Ilikuwa sauti ya Njau, ile ya zamani, ya kabla ya ugonjwa. Njau mwenyewe alikuwa amelala wadini juu, kichwa kimefungwa bandeji, na tangu Februari hakuwa na maneno. Sufuria aliiita kile kitu. Mkewe alimwita wewe. Binti yao Lynn, aliyekuwa anasomea ualimu, alimwita yule wa shule. Sasa ilionekana maneno yote yalikuwa kwenye kopo.

"Wachana na chai," Magdalene alisema. "Ni wewe ulimlia maneno?"

"Nilikuwa nimekaa pale yanapowekwa," kipande kikasema. "Mtu hukaa alikozaliwa."

Magdalene hakushangaa. Mtu aliyelala sakafuni wadini wiki mbili hana nguvu ya kushangaa. Alikuwa na hasira tu, hasira ya kutosha wilaya nzima, na akauliza alichotaka kujua: jina lako nani, na wewe ni mbaya kiasi gani? Daktari wa upasuaji alikuwa amekataa kumwambia. Alisema maabara lazima isome kwanza, ndipo Njau apewe tarehe ya mionzi. Bila karatasi hakuna tarehe. Na bila mionzi, alisema huku akiangalia simu yake, kile kilichobaki kichwani kingekua upya, na haraka.

Kipande kikajieleza bila haya. Kilisema ni cha ukoo wa glioma, uvimbe unaozaliwa humo humo ubongoni, kwenye zile seli za kuegemeza neva. Hakikutoka kwa ini wala kwa pafu, wala hakikutumwa na mtu. Ukoo huo una matawi, na tawi lake ni astrositoma.

"Nilianza nikiwa gredi ya pili," kilisema. "Hiyo hukua polepole. Wangenitoa wakati huo, mzee angekaa miaka kumi, pengine zaidi. Halafu nikawa ya tatu. Sasa ni ya nne, na mbele ya nne hakuna nyingine."

"Ulikuwa ya pili lini?"

"Miaka sita iliyopita. Ile siku alianguka kiwandani, kando ya mashine ya misumari, Daktari Mulei akasema ni taifodi."

Magdalene akasimama katikati ya barabara, pikipiki ikampigia honi. Kisha akageuka, akashika njia ya mtaa wa Landless. Ruiru ingengoja saa moja.

Mulei alikuwa na diploma na koti jeupe, na Landless hiyo inatosha kuitwa daktari. Kliniki yake ilikuwa kati ya bucha na fundi wa simu. Katika miaka hiyo sita alikuwa amemtibu Njau taifodi mara saba, vidonda vya tumbo mara mbili, na mawazo mengi mara moja. Magdalene alipita watu kumi na mmoja waliokuwa kwenye foleni, akaweka kopo juu ya meza, juu ya kitabu ambacho Mulei alikuwa anaandika.

"Ulinidunga sindano za taifodi mara saba," kopo likasema.

Mulei akalitazama kwa upole wa kazi. "Na sasa unajisikiaje? Kichwa kinauma? Baridi jioni?"

Akafungua kifuniko, akavuta tone moja, akalidondosha kwenye kigae cheupe, akaongeza dawa ya bluu, akakitikisa taratibu dakika mbili nzima. Akakiinua kwa dirisha.

"Iko," akasema. "Taifodi iko. Kipimo ni moja kwa themanini." Akaanza kuandika sindano za siku tano.

"Mulei, hicho ni kipande cha ubongo," Magdalene alisema.

"Taifodi haichagui, mama."

"Mtu yeyote hapa Thika ukimpima hivyo utaipata," kipande kikasema. "Jipime mwenyewe."

Mulei hakuwa mtu wa kiburi. Akajidunga kidole, akapima, akapata moja kwa themanini, akajiandikia sindano pia. Magdalene akamwambia mambo kuhusu mama yake mzazi ambayo mama huyo, mtu wa kwaya huko Machakos, hakustahili hata kidogo. Sauti ilisikika hadi kwa bucha. Wale kumi na mmoja kwenye foleni walisikia kila neno, la Magdalene na la kopo. Alipotoka, wa kwanza akainuka, akaingia, na wengine wakasogea mbele nafasi moja.

Maabara ya Ruiru ilikuwa ghorofa ya pili, na Shiko alikuwa ameshafika. Shiko ni dada mkubwa wa Njau. Anaishi Kimbo, anauza mapazia, na tangu Magdalene aweke sahihi ya upasuaji bila kumuuliza hawakuwa wamesalimiana.

"Mama Lynn," Shiko akaanza, bila hata habari yako, "umeona vizuri ndugu yangu apasuliwe kichwa kama boga?"

"Na wewe Mama Kagwe ukaona vizuri umfungie kanisani siku ishirini na moja bila chakula, ati ana pepo la kifafa."

"Heri mimi nilimpeleka kwa Mungu! Wewe ulimpeleka wapi? Alianguka jikoni ukamnusisha kiatu, ukamfuta povu, ukamwambia Jumatatu aende kazi na asiseme kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kiwandani, mtu akijulikana ana kifafa huondolewa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana Magdalene alificha, na alificha vizuri, miaka minne mfululizo, na kila mara alimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeona.

"Ni ukweli," kopo likasema kutoka kwenye kiondo. "Ya kanisa ni ukweli na ya kiatu ni ukweli. Nilikuwepo."

Shiko akashika ukuta. "Ngai! Njau?"

"Si Njau," Magdalene alisema.

"Usiniambie! Sauti ya ndugu yangu mimi siijui? Huko hospitali umeacha gogo limelala. Ndugu yangu ni huyu. Lete hapa!"

Akaushika mkono wa kiondo. Magdalene akaushika upande wake. Wakavutana mbele ya picha ya figo iliyobandikwa ukutani, wanawake wawili wa zaidi ya miaka arobaini, wote wawili washirika wa kanisa, hadi kijana wa mapokezi akagonga kaunta na kalamu.

"Wamama, tafadhali. Sampuli ni ya nani?" Jina lake lilikuwa Kaleli, na hakupenda kelele kabla ya chakula cha mchana.

Alipokea fomu, akaeleza utaratibu. Kipande kitawekwa kwenye nta, kitakatwa chembamba kuliko karatasi, kitapakwa rangi na kutazamwa na mtaalamu. Mtaalamu ni mmoja, huja Alhamisi. Wiki tatu, mambo yakienda vizuri.

"Wiki tatu za nini, na chenyewe kinajijua?" Magdalene akaweka kopo kwenye kaunta. "Mwambie."

"Astrositoma," kipande kikasema. "Gredi ya nne."

"Hayo ni maelezo ya mgonjwa," Kaleli akasema. "Si matokeo." Lakini alikuwa kijana mwaminifu, na kwenye mstari wa maoni aliandika: sampuli inajieleza. Akapiga muhuri.

"Maggie," kipande kikasema, "wakinikata nitanyamaza. Ukinirudisha nyumbani utakuwa na mtu wa kuongea naye, lakini tarehe hutapata. Na kile kilichobaki huko juu hakingoji Alhamisi."

"Umesikia?" Shiko alikuwa analia sasa. "Anaomba asikatwe! Mama Lynn, aki, hata wewe una roho?"

Magdalene alikuwa na roho, ndiyo sababu iliuma. Miezi saba alikuwa ameitwa wewe. Alitaka kuketi kwenye ngazi za maabara hiyo na kusikiliza sauti ile mpaka giza liingie, isome hata maandishi ya dawa ya mbu ikitaka. Lakini aliyekuwa wadini alikuwa na mikono yenye makovu ya misumari, na alipoamka alikuwa akimtafuta kwa macho.

"Sema jina langu," akasema.

"Magdalene Wanja," kikasema.

Akamsukuma Shiko hadi akaketi kwenye kiti cha kutolea damu, akampa Kaleli kopo. Kaleli alilibeba kwa mikono miwili hadi ndani. Mlango ulipofungwa Shiko akasema, "Damu yake iko juu yako," naye Magdalene akamjibu kwamba damu hiyo inawatosha wote wawili.

Wiki tatu zikawa sita. Ripoti ilikuwa na mistari miwili: astrositoma, gredi ya nne. Magdalene aliipeleka kwenye hospitali ya mionzi, kwa Owino, mtu wa kupanga tarehe, mwenye miwani iliyofungwa kwa selotepu. Owino aliisoma vizuri. Akaeleza kwamba tiba ni siku thelathini, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na vidonge vya kemo kila siku, na kwamba ilifaa kuanza ndani ya wiki sita baada ya upasuaji. Wiki hizo zilikuwa zimeisha. Mashine zilikuwa mbili na inayofanya kazi ni moja. Akampa tarehe nne Novemba. Magdalene akamwita jina ambalo Owino alikuwa ameshaitwa mara tatu asubuhi hiyo.

Jumapili iliyofuata, nyumbani Landless alikorudishwa baada ya hospitali, Njau alisema, "Washa redio."

Jumatatu alimuuliza Lynn kwa simu kama mitihani imeanza. Jumatano alikuwa anaongea moja kwa moja, bila kukwama, na majirani walijaa sebuleni. Shiko alikuja na mchungaji na watu wa maombi kumi na wawili, wakaimba hadi vikombe vikatetemeka, na Shiko akashuhudia kwamba ule mfungo wa siku ishirini na moja ulikuwa umechelewa tu njiani. Mulei naye alipita, akampima, akaandika kwamba taifodi imeisha.

Magdalene alikuwa anamtazama mkono wa kulia. Ulikuwa umekufa kabisa siku hizo, umelala pajani. Jicho moja lilikuwa limeanza kwenda upande wake. Mdomo tu ndio uliokuwa mzima. Wageni walipoondoka akafunga mlango.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi niliyebaki," mdomo ukasema kwa adabu. "Nimekua, nimefika tena pale pale."

"Na yeye yuko wapi?"

"Yuko nyuma yangu. Anakusikia. Kufika mdomoni ndiko hawezi."

Magdalene akalia, akatukana, akapiga meza kwa ngumi. Kisha akakumbuka kwamba yule wa nyuma anasikia, akaacha kutukana.

Owino alipiga simu tarehe ishirini na tisa Oktoba. Alikuwa anapanga upya orodha, maana mashine ilikuwa imelala siku nne. "Mgonjwa yuko hali gani? Naomba niongee naye."

"Usimpe," Magdalene akajiambia, lakini simu ilikuwa kwenye spika.

"Habari ya kazi, Bwana Owino," sauti ikasema. "Mimi ni Njau Gachau. Leo ni Jumatano. Nimelala vizuri."

"Safi sana, mzee. Naona unaendelea poa."

"Si yeye!" Magdalene akapaza sauti. "Ni huo uvimbe unaongea!"

"Mama, naelewa. Lakini unajieleza vizuri," Owino akasema, na kweli alikuwa ameelewa. "Tunatanguliza wale hawawezi kuongea. Nimewasogeza Februari, tarehe kumi na nane. Mje mapema, kuna foleni." Akakata.

Magdalene akaandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya kanisa.

"Februari," sauti ikasema, kwa upole ule ule wa mumewe. "Mimi nitakuwepo."

Akaiambia inyamaze. Kisha akapakua githeri, akaiponda laini, akaanza kulisha, kwa sababu mdomo ulikuwa bado ni wa Njau.