Uzito Anaoutaka Kocha

Kocha Dub Brannon alikula kwangu mara tatu, na mara zote tatu aliomba kuongezewa. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akadai namchukia mtu wa watu bure. Nilimpikia kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, mboga za majani zilizochemshwa na goti la nguruwe mpaka zikalainika, mkate wa mahindi, na pai ya viazi vitamu ambayo kwa kawaida haitoki jikoni kwangu isipokuwa Krismasi. Alifuta sahani kwa mkate. Alisali kabla ya kula, akasali baada ya kula, na katikati hapo, kama sikosei, alifumba macho tena kidogo.

Alikuwa kocha mkuu wa mpira wa Chuo Kikuu cha Tombigbee. Na mpira wetu huku Mississippi, jamani, si ule wa kupiga kwa mguu. Ni huu wa kubeba mkononi na kugongana vifua mpaka mtu asahau jina la mama yake. Kocha alimfuata mtoto wa mdogo wangu Odell, anaitwa Lavonte, sisi twamwita Vonte. Vonte anacheza mstari wa mbele: kazi yake ni kusimama kati ya mrusha mpira na majitu ya upande wa pili yanayotaka kumvunja mbavu. Mama yake alifariki Vonte akiwa mdogo sana, nikahamia kwa Odell na masufuria yangu, nikamlea. Chuo kilikuwa kinasema kitamsomesha bure mpaka amalize. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuingia chuo kikuu isipokuwa kwa ufagio, kwa hiyo mnaelewa kwa nini hata pai ilitoka kabla ya Krismasi.

"Mama," Kocha Brannon aliniambia, amemshika Vonte bega kama mtu anayepima fahali mnadani, "huyu kijana ana mifupa ya ratili mia tatu. Nyama tu ndiyo haijafika."

"Sasa hivi ana mia mbili na sitini," nikasema. "Hizo ni chache?"

"Nipe arobaini zaidi, mama."

"Nikupe mimi?"

"Wewe na hizi pai zako."

Nikacheka. Mjinga mimi, nilicheka. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse mimi niliyekuwa nimesimama tu karibu na jiko nikingoja kusifiwa.

Odell akakohoa, akauliza swali alilolishikilia tangu mchana. "Kocha, watu wanasema chuo cha Florida kinakutaka."

Kocha aliweka uma chini. Akatia mkono kifuani, na machozi yakamlengalenga, wallahi nayaona mpaka leo. "Ndugu yangu Odell," akasema, "nimeshanunua kiwanja cha kaburi kule nyuma ya uwanja wetu. Mimi nitazikwa Tombigbee."

Basi Desemba Vonte akatia sahihi ya kujiunga na chuo. Walimpangia meza katika ukumbi wa mazoezi wa shule, kofia za vyuo vitatu mbele yake, na watu wote wakajifanya hawajui ataichukua ipi. Akaivaa ile ya zambarau ya Tombigbee. Odell alilia kwa sauti mpaka mkuu wa shule akamletea kiti. Na mtoto akaendelea kula. Mayai asubuhi, uji wa unga wa kopo kati ya vipindi, nyama mchana, nyama jioni, maziwa juu yake. Suruali alizoanza nazo mwaka ule wa shule hazikuvuka goti. Kufikia katikati ya Januari mizani ilisoma mia mbili tisini na tano, na Odell alikuwa akiwatangazia wenzake kiwandani kila Jumatatu, kama mtu anayesoma bei ya mbao.

Wiki hiyo hiyo Kocha Brannon akaenda zake Florida. Hatukuambiwa na yeye. Vonte alikuwa mezani, uma mkononi, simu ikalia, akasoma kwa sauti: "Baada ya kuomba sana na kushauriana na familia yangu, nimeona ni wakati wa kuanza safari mpya."

Mimi nataka nijulishwe Mungu wa makocha ni yupi. Maana kila wakimwomba, jibu ni lile lile: nenda kwenye mshahara mkubwa. Mimi namwomba wangu miaka mingi aniguse hili goti tu, hajanipeleka hata kwa daktari wa kaunti ya jirani.

"Na lile kaburi?" Odell akauliza.

"Amefufuka," nikamwambia.

Vonte hakucheka. Alitoka nje kibarazani akampigia Kocha. Nilimfuata mpaka mlangoni, na kwa kuwa yule bwana anaongea kama yuko uwanjani, nilisikia kila kitu. Alisema, "Nani mwenzangu?" Vonte akasema ni Vonte. Yule akauliza, "Vonte yupi?" Mtoto akamtajia jina lote, mpaka la ukoo, mpaka mji wetu, kama anajieleza kwa polisi. Kocha akasema oo, oo, mwanangu, nitakupigia. Sitaki kuwaambia kama alipiga.

Wenzake waliotia sahihi naye walikuwa na kundi lao la simu, na kundi zima likawa msiba. Mmoja alimfuata Brannon Florida, akakuta nafasi yake amepewa mwingine. Mwingine alizima simu juma zima. Vonte yeye aliendelea kula, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia aache.

Aliyemwambia aache ni Kocha Tripp Haskew, aliyeletwa na chuo Februari kushika nafasi ya Brannon. Huyu alikuwa mwembamba, ana miwani ya jua shingoni kwa nyuma, sijui kisogo chake kilikuwa kinaona nini. Nilimpikia, maana mgeni ni mgeni. Akasema asante mama, mimi nimebeba changu, akatoa chupa ya kitu cha kijani kama maji ya bwawa la ng'ombe. Akainywa mezani kwangu, mbele ya kuku wangu. Hapo ndipo nilipojua hatutaelewana.

"Mchezo wangu ni mbio," akasema. "Mtu wa mstari wa mbele kwangu lazima akimbie kama swala. Lavonte nampenda sana, lakini nampenda akiwa na mia mbili hamsini na tano. Nipate hiyo kufikia Juni."

"La sivyo?" nikauliza.

"La sivyo tutamsaidia kupata nyumba nyingine ya kuchezea, inayomfaa zaidi."

"Nyumba anayo. Ndiyo hii uliyokalia na chupa yako."

Odell akanipiga teke chini ya meza. Vonte akasema, "Ndiyo, kocha."

Ndugu zangu, mmeshawahi kumwona mtoto mnene akikondeshwa kwa ratiba? Alikula kifua cha kuku kilichochemshwa bila chumvi, na tango. Alikimbia barabara ya makaburini amejifunga mifuko ya takataka chini ya shati ili atoe jasho, na majirani wakawa wananipigia simu kuuliza kama kijana wetu amepagawa. Jumapili ya Pasaka alikuwa kwenye kwaya, kwenye safu ya sauti nene, akaanguka chali juu ya wanaume wawili wa besi na kofia mpya ya mke wa shemasi. Mchungaji akapaza sauti, "Mwacheni! Roho amemshukia!"

"Si Roho, Mchungaji," nikamjibu kutoka kiti changu. "Ni njaa. Nani ana biskuti?"

Nilimpa biskuti na maji ya sukari pale pale madhabahuni. Na unajua alichoniambia alipofumbua macho? "Shangazi, hiyo ina ratili ngapi?"

Jioni hiyo nilimvaa Odell. "Utaniulia mtoto kwa ajili ya mtu mwenye miwani kisogoni?"

"Dada, usiharibu nafasi ya mtoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Ainame, sawa! Huyu umemlaza kifudifudi!"

"Unataka nini sasa? Aje kiwandani nilipo mimi? Avute vumbi la mbao kama mimi?" Alianza kukohoa kile kikohozi chake, nikamletea maji. Kilichonikera zaidi ni kwamba mpumbavu yule alikuwa na haki upande mmoja.

Juni ikafika, mizani ikasoma mia mbili hamsini na sita. Ilibaki ratili moja. Na siku tatu kabla ya kupimwa, Kocha Haskew akafukuzwa. Alikuwa ametumia ndege ya chuo kumpeleka mbwa wake kwa daktari wa meno huko Dallas. Meno ya mbwa, nasema. Mtoto wangu hapa hajatafuna kitu chenye mafuta tangu Februari, mbwa anasafishwa magego angani.

Kocha wa tatu hakusumbuka kuja. Alipiga simu, Odell akaiweka mezani wote tusikie. Alikuwa anaitwa Mercer Oakes, mzee, sauti ya mtu aliyemeza changarawe.

"Nimeona picha zake," akasema. "Nani kamkondesha hivi huyu kijana?"

"Wenzako," nikasema.

"Huyo nani?"

"Shangazi yake. Kocha, na wewe kaburi lako umenunua wapi?"

Akacheka. "Mama, mimi hata nyumba nimepanga. Nalipa mwezi kwa mwezi." Nikakiri moyoni kwamba huyu angalau si mwongo. Akaendelea: "Mpira ni mchezo wa watu wazito. Lavonte, nitaheshimu nafasi yako. Lakini kambi ikifunguliwa Agosti nataka mia tatu na kumi. Wale wasiofika nitawaomba wapishe. Tumeelewana?"

"Ndiyo, kocha," Vonte akasema. Sauti ile ile aliyomjibia Haskew, hata pumzi haikubadilika.

Odell alikwenda dukani akarudi na mayai trei kwa trei, akiimba. Na mimi nilipika, siwezi kujitoa, nilisimama pale jikoni nikapika. Mtoto alikula saa ikifika, si njaa ikifika. Ratiba ya kocha ilikuwa kwenye simu; simu ililia, akala. Akishiba alisimama, akazunguka meza akipiga tumbo taratibu, akaketi tena. Siku moja alikwenda bafuni akatapika, nikamsikia, akanawa uso, akarudi akauliza kama viazi vimebaki. Ngozi ya ubavu ilikuwa na mistari, ile ya kunenepa na ile ya kukonda imepishana. Kabatini alikuwa na nguo za watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akilala vizuri.

"Vonte, baba, acha," nikamwambia. "Mwache aende na chuo chake."

"Shangazi, wanne wameshaambiwa wapishe. Wanne, na kambi bado."

"Na wewe je?"

"Mimi nafika." Akavuta sahani.

Na alifika. Wiki ya kwanza ya Agosti walimpima kule chuoni, mia tatu na kumi na mbili. Kocha Oakes akampa mkono, akampa chumba, akampa funguo na shati lenye namba. Nafasi imebaki. Jina letu liko mlangoni pa bweni la chuo kikuu, nami nimeliona kwa picha, na sitawadanganya, nilipiga vigelegele. Odell alicheza pale sebuleni mpaka kikohozi kikamkalisha. Siku ile hakuna aliyekuwa na furaha kutushinda katika kaunti nzima, na kama mtu angeniambia neno baya kuhusu mpira ningemfukuza kwa mwiko.

Walimpa Jumamosi moja aje kufunga vitu vyake. Nikaamua kwamba siku hiyo hakuna mizani, hakuna ratiba. Nilifunga aproni, nikafungua friji wazi, nikamwita jikoni.

"Baba, leo ni mimi na wewe. Chagua. Kambare ninao, mbavu ninazo, pai naweza kuanza sasa hivi. Au tango, kama ni tango unalitaka. Wewe sema tu, shangazi atapika."

Alisimama mlangoni ameujaza mlango wote. Akatabasamu, yule yule mtoto wangu. Halafu akaingiza mkono mfukoni kuchukua simu.

"Iache hiyo," nikasema. "Sikumuuliza kocha, nimekuuliza wewe. Una njaa?"

Akairudisha. Aliweka kiganja juu ya tumbo, akakisogeza upande huu, akakisogeza upande ule, na uso wake ukaanza kuwa na wasiwasi. Friji ilikuwa inaunguruma, na sikuifunga.

"Sijui, shangazi," akasema, na hakuwa anatania. "Kwani njaa inakuwaje?"