Seli Zilizomngoja Xavérine

Jumanne saa mbili asubuhi Xavérine alikuwa kazini kwake Nyakabanda, amepanga viatu mezani, kila cha kulia ubavuni pa mwenzake, kamba zimefungwa pamoja. Mkono mmoja ulikuwa juu. Mkono huo ukiwa juu, hakuna boksi lililofungwa katika karakana ile, hata kama motari wa pikipiki ya kupeleka mzigo angepiga honi mpaka betri ife. Miaka kumi na mmoja alikuwa mkaguzi wa jozi. Kiatu kimoja tu kikikosa mwenzake, alisema, "Bado," na wote wakangoja. Jozi zikitimia alishusha mkono: "Haya, nendeni." Ndiyo, aliviambia viatu. Wenzake walikwisha kumzoea.

Dirisha la karakana lilikuwa limepigiliwa misumari, ili vumbi lisiingie kwenye gundi kabla haijakauka. Gundi ile ilikuwa na harufu tamu, ya kulevya kidogo. Wanawake tisa waliivuta kutwa na kurudi nayo nyumbani kwenye nywele. Mwezi wa tano Xavérine alianza kutokwa na damu puani, na kuvilia miguuni bila kugongwa na kitu. Hospitalini wakamchoma sindano ya nyonga, wakatoa uboho, wakaupeleka katika maabara moja ya Kicukiro.

Siku ya tatu akapigiwa simu na Bertrand, mtaalamu wa maabara hiyo, bwana mpole mwenye sauti ya kuungama.

"Mama, seli zako zimesimama. Zinakungoja wewe."

"Nina kazi mpaka saa kumi."

"Njoo baada ya kazi. Zitangoja tu."

Akaenda. Bertrand akampa kiti, akamweleza taratibu. Seli inapotaka kugawanyika, kila kromosomu hutengeneza pacha wake, na mapacha hao hujipanga katikati wameshikana. Nyuzi huwajia kutoka pande mbili: huu umshike huyu, ule umshike yule. Humo ndani mna walinzi. Pacha mmoja tu akikosa uzi, walinzi huizuia seli nzima, maana ikigawanyika hivyo, mtoto mmoja ataondoka na ziada na mwingine na pengo. Wote wakishikwa, ndipo huachia.

"Na walinzi wangu mimi?"

"Gundi imewavuruga akili. Hawajiamini tena, wanasubiri neno lako. Ihangane, mama, vumilia."

Xavérine akainamisha jicho kwenye hadubini. Zilikuwa pale, zimejipanga mstarini, nadhifu kuliko mzigo wowote aliowahi kukabidhiwa. Akainua mkono. Alikagua moja moja mpaka shingo ikamuuma. Zilizotimia aliziambia, "Haya, nendeni," nazo zikagawanyika. Zile zenye pacha aliyeshikwa upande mmoja tu aliziambia, "Bado." Hizo zilingoja mpaka zikafa. Zilizobaki mifupani mwake, alisema Bertrand, zilifuata neno hilohilo. Kisha akaandika daftarini: katika mia moja, themanini na nne nzima, kumi na sita mbovu.

Basi ikawa kila Jumatano. Nzima zikawa sabini, zikawa hamsini na tano. Xavérine hakupitisha hata moja mbovu, na damu yake ikazidi kupungua, mpaka kilima cha Nyakabanda akawa anakipanda kwa vituo. Shimwa, binti yake wa miaka kumi na minne, alianza kumsubiri chini ya kilima ili amshike mkono. Hawakuwa na mtu mwingine duniani, hawa wawili. Jambo hilo lilimtia Xavérine hofu kuliko ugonjwa wenyewe.

Alimpelekea mwenye karakana, Bwana Rwema, karatasi ya Bertrand; Rwema alilelewa Mwanza, na Kiswahili chake kilinyooka. Rwema aliisoma mpaka mwisho, tena amevaa miwani kwa heshima.

"Pole sana, dada yangu. Sasa hizo seli zinataka ruhusa ya siku ngapi?"

"Zinataka dirisha, bosi. Lifunguliwe."

"Dirisha lina vumbi. Jumatano nakupa, saa tisa kamili uondoke. Na mwingine akiitwa na seli zake, naye nitampa. Mimi si mtu mbaya."

Asali mdomoni, misumari dirishani.

Wengine wakaitwa kweli. Kufikia mwezi wa tisa walikuwa wanne, Bertrand akawawekea benchi mlangoni. Jumatano moja ya Oktoba ikawa zamu ya Joselyne, yule wa kupaka gundi.

"Mama Shimwa, naangalia nini hapa?"

"Kila mmoja awe ameshikwa kutoka upande wake. Asiyeshikwa, mwambie bado."

"Nikiziacha ziende hivyohivyo?"

"Zitazaa mbovu wenzao," alisema Bertrand. "Mwisho damu yote inaharibika. Mwaka, labda miwili, labda pungufu."

"Na nikizizuia?"

Joselyne akaitazama midomo ya Xavérine, nyeupe kama unga.

"Yewe! Mimi iko na mtoto wa miezi saba, bado ananyonya." Akainamia hadubini. "Nendeni. Nyote!"

Xavérine alitaka kumkaripia, akakosa pumzi. Akakaa kwenye kiti, akakagua za kwake. Katika mia moja, sita tu zilikuwa nzima.

"Sita hazitoshi, mama," alisema Bertrand. "Wiki mbili hufiki."

Hasira ikampanda Xavérine mpaka masikioni. Hakuzikasirikia seli, wala Joselyne. Alimkasirikia Rwema na miwani yake ya heshima, akajikasirikia mwenyewe kwa kuvuta sumu miaka yote hiyo na kuiita kazi. Mtihani wa taifa wa Shimwa ulikuwa mwezi wa saba. Akahesabu kwa vidole: miezi tisa.

Akainua mkono kwa mazoea. Aliwaona vizuri, kila pacha aliyeachwa pembeni, kila uzi uliopotea njia. Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote.

"Haya," akasema. "Nendeni."

Zikaenda. Hazikubisha, kwa kuwa zilimwamini. Bertrand akaandika daftarini kwamba zimegawanyika, mia kwa mia, kisha akafungua mlango akamwita Mukunde, mwenzao wa karakana, aliyekuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini.