Milio Mitatu ya Mahesh

Mahesh alipofika kwangu Kabazi mwezi wa tano akiwa na boksi la barafi, vile vitamu vya maziwa vya Kihindi, kwapani, nilijua ana haja. Mtu mwenye duka lake Nakuru mjini hakubebei vitamu bure mpaka Subukia. Kila mwaka, kabla ya Diwali, alikuja kujaribu fataki zake kwenye machimbo ya mawe ya zamani, pale kichwani mwa bonde letu. Na kila mwaka alipita kwanza nyumba kwa nyumba na boksi hilo, akitaja siku na saa, ili watu wafunge ng'ombe na kushika watoto. Lakini Diwali ilikuwa bado mbali, na mwaka wenyewe ni huu wa 2008, mwaka ambao hata mlango ukijibamiza tunaruka.

"Mama Kiptum, nimealikwa shindano," akasema kabla hajaketi. "Shindano ya dunia nzima. Canada. Kila nchi inapewa usiku wake, na hii Kenya yote ni mimi peke yangu."

Nilimpa pole, halafu nikakumbuka ni jambo la kupewa hongera. Mwaka huu midomo yetu imezoea pole.

Msimu wa shindano ungeanza mwezi wa saba. Lakini kwanza waandalizi walitaka filamu ya mwanzo wa onyesho lake, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Polisi wa mjini walimkatalia katakata. Chifu wetu alikubali kwa sharti moja, kwamba watu wa ng'ambo zote mbili za kijito waambiwe mapema.

"Twende pamoja kama kawaida yetu," akasema. "Nikienda peke yangu ng'ambo ile, watauliza kwa nini wewe hauko."

Ng'ambo ile ndiko kwa Njoki. Tangu tukiwa maharusi wapya, mimi na Njoki tulipeleka maziwa pamoja kwenye kibanda cha maziwa kule barabarani. Nilimshikia mtungi, akanishikia mtoto. Kisha kura zikapigwa, mji ukaanza kuwaka, na wale tuliowajua majina tukaanza kuwaita "wale." Kila upande ulitundika ringi ya gurudumu la lori mtini iwe kengele. Kwetu tulikubaliana kwamba ikigongwa mara tatu, wamekuja, kila mtu akimbilie shuleni kule mlimani. Usiku baada ya usiku tuliwasikia wakigonga yao mara tatu, tukajua wanaitana waje. Nasi tukagonga yetu, tukakimbia.

Mama mkwe wangu hakuwa na miguu ya kukimbia. Mume wangu, Kiptanui, alimsukuma kwa wilbaro kwenye umande, siku nenda siku rudi, mpaka kifua kikamshika yule mama. Tulimzika Februari. Hakuna aliyemgusa kwa panga, lakini mimi nilijua waliomuua. Njoki hakuja mazishini. Basi, tangu siku hiyo mimi nilipeleka maziwa asubuhi, yeye akapeleka jioni.

"Nitakwenda," nikamwambia Mahesh, "lakini niambie zitalia namna gani."

"Tatu kubwa kwanza, halafu rangi."

"Tatu ni mbaya hapa. Toa."

Akatikisa kichwa. Kila onyesho huanza na milio mitatu, akasema, ya kuwaambia watu wanyamaze, mambo yanaanza. Majaji wataitegea masikio. "Na si tutawaambia watu? Mtu akiambiwa, atashtuka nini?"

Niliona ana akili. Nilivuka kijito kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Njoki alikuwa langoni kwake akichambua maharagwe, na alipotuona mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

"Kesho jioni, jua likishatua," nikasema nikitazama maharagwe. "Zitapiga tatu, halafu rangi. Ni za Mahesh. Msikimbie."

"Nimesikia," akasema. Akachukua kipande kimoja cha barafi, akakiweka kando ya ungo. Nilikuwa na maneno mengine ya kumwambia, makali, nimeyanoa miezi mitatu. Yakakwama. Nikarudi nyumbani nimejikasirikia mwenyewe.

Kesho yake Mahesh alinivika kamera shingoni, akanionyesha pa kubonyeza, akanisimamisha juu ya mwamba mbali na mizinga yake ya kurushia fataki. Hakuna mtu bonde zima aliyejua habari ya milio ile kunishinda. Niliipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na wa mwisho nilimwambia Kiptanui wakati wa chai. Nikabonyeza. Mahesh akainua mkono.

Mlio wa kwanza nilisema moyoni, huyo Mahesh. Wa pili nikasema, huyo Mahesh. Wa tatu sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa tayari nakimbia.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini mimi ung'ongo nilikuwa nimeuona, nimeushika, nimewapelekea na wengine. Miguu haikutaka kujua. Sikwenda shuleni, maana sauti ilitoka juu huko huko. Nilishuka na maji ya kijito, nikasikia upande wangu wote unashuka, ndoo zinaanguka, Kiptanui ananiita. Sote tukatokea barabarani, penye kibanda cha maziwa. Na kutoka kwenye njia ya pili wakatokea wao, wanahema, Njoki mbele akiwa na kiatu kimoja na sufuria ya ugali.

Tukatazamana.

"Mbona unakimbia?" nikamuuliza. "Si nilikuambia?"

"Na wewe uliyeniambia, unakimbia nini?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, wengine wakadakia, na kicheko kile hakikunifurahisha. Njoki hakucheka pia.

"Lakini nyinyi mlikuwa na ubaya," akasema. "Kila usiku mnagonga tatu, sisi tunatoka na watoto kwa baridi hiyo yote."

"Sisi? Nyinyi ndio mlikuwa mnagonga. Yetu ilikuwa ya kuambiana tukimbie shuleni."

"Mkimbie? Hata yetu ilikuwa ya kukimbia. Tulikuwa tunaenda kanisani."

Kicheko kikakatika chenyewe.

"Kwa hivyo mkisikia yetu," akasema polepole, "mnagonga yenu, mnaenda."

"Na nyinyi mkisikia yetu?"

"Tunaenda."

Nilijaribu kulipanga jambo hilo kichwani, likakataa kupangika. Kama wao walikuwa wanakimbia na sisi tunakimbia, nani alikuwa anakuja? Mama mkwe alikuwa anamkimbia nani ndani ya ile wilbaro? Hasira yangu nilikuwa nimeitunza vizuri tangu Februari, na sasa ilisimama pale barabarani haina mwenyewe. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu. Nikashika hasira moja iliyokuwa imebaki.

"Hukuja kumzika mama," nikasema.

"Nilikuja," akasema Njoki. "Nilifika mpaka kwa daraja na mtungi wa maziwa ya chai. Nikasikia mmegonga. Nikarudi."

Tuligonga, ni kweli. Siku ile tuligonga ringi kuwaita watu waje kaburini. Nilimtazama Kiptanui, naye akatazama chini.

Mahesh akashuka akikimbia, masizi usoni, akiuliza nani ameumia. Hakuna aliyemweleza, kwa kuwa hakuna aliyejua aanzie wapi. Akaniona na kamera.

"Umechukua?"

"Nimechukua miguu yangu na nyasi," nikamwambia.

Akakaa juu ya mtungi wa mtu. Alikuwa amebakisha seti moja tu, na baada ya hiyo hakuna nyingine mpaka meli ije. Watu wangekimbia tena, akasema, basi na Canada yenyewe iende.

"Hakuna anayekimbia," Njoki akasema. "Twende huko juu."

Tukapanda wote, ng'ambo zote mbili, kwa njia moja. Njoki alisimama nami kwenye mwamba, akanishika mkono juu kidogo ya kiwiko, akabana kama anayefunga ndama. Nikabonyeza. Milio ikaja mmoja mmoja. Wa tatu ulipopiga, mguu wangu uliondoka, naye akanirudisha. Kisha mbingu yote ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikamwagika juu ya mashamba yetu, na watu bonde zima walikuwa kimya kabisa.

Filamu ilifika kwa wakati, na sasa tunangoja mwezi wa saba. Mahesh anasema waandalizi wameisifu sana, ila wanauliza wale wanawake wawili wanaosikika mwanzoni, kabla ya milio, wanasema nini. Amewaandikia kwamba ni majirani wanashangilia.

Anayesikika kwanza ni Njoki. Anasema, "Lakini usiku ule wa kwanza kabisa, nani aligonga?"

Halafu ni mimi. "Sijui, Njoki. Usiniache."