Abiria wa Mia na Arobaini na Saba

Jumamosi saa nane mchana Obedi Shimba alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake Butimba, akichomelea waya tatu kwa risasi iliyoyeyushwa. Mbele yake palikuwa na kioo kizito na kibodi iliyogeuka rangi kama meno ya mzee. Alivinunua kwa kilo, kama chuma chakavu, ofisi moja ya vivuko ilipokuwa ikisafisha stoo. Haikuwa kompyuta. Ilikuwa kioo na vitufe tu, visivyo na akili yoyote ndani yake, ambavyo makarani wa zamani waliandikia abiria wa Nansio. Obedi, fundi kompyuta wa Mabatini, alitaka kuiunganisha na mtandao wa nyumbani, kupitia kompyuta ndogo iliyokaa juu ya ruta, ili imsomee hali ya hewa ya ziwa. Alisema hana sababu nyingine.

Mara ya kwanza kioo kilikaa kimya. Alikuwa ameunganisha mdomo kwa mdomo, waya wa kutuma na waya wa kutuma. Akazibadilisha waya mbili, mdomo wa mmoja ukaenda kwenye sikio la mwenzake, akawasha tena.

Herufi za kijani zikaja moja moja, kwa mwendo wa mtu anayetembea ndani ya maji.

ABIRIA 120. ORODHA IMEJAA.

Kisha, chini yake: 121. HELLEN, NA MTOTO MGONGONI.

Maji kidogo yakatoka kati ya vitufe, yakinuka dagaa. Obedi akaenda kuleta beseni.

Kivuko cha Nansio kilizama yeye akiwa na miaka tisa. Kilikuwa na ruhusa ya watu mia na ishirini, karani akaandika mia na ishirini, na wengine wakapanda bila kuandikwa. Msiba ukahesabiwa kwa orodha. Mama yake, Odeta, aliyekuwa anarudi kutoka kumuuguza dada yake Nansio, hakuwemo. Wakubwa walisema asiyeandikwa hakusafiri. Kama hakusafiri, yuko wapi? Mtaa ukajibu kwamba katoroka na mwanamume wa Geita. Baba yake, Mzee Shimba, aliiamini karatasi kwa sababu ilikuwa na mhuri, akakataa matanga. Darasani watoto wanne walikuja na vichwa vilivyonyolewa kwa wembe, kwa ajili ya msiba. Obedi alikaa katikati yao na nywele zake, nao wakamwita mtoto wa mtoro. Tangu hapo mzee alipunguza nywele kwa mkasi tu.

Majina yaliendelea kuja Jumapili nzima. Jirani yao Gladness alichungulia dirishani akauliza hiyo televisheni wameirithi kwa Mjerumani gani. Akasoma mistari miwili mitatu.

"Huyu Nathaniel namjua," alisema. "Alikuwa mbishi. Hata kwenye foleni ya maji." Akaenda kuanua nguo zake.

Jumatatu asubuhi ikaja 147. ODETA.

Obedi alimwita baba yake. Mzee Shimba akavuta kigoda, akakaa mbali kidogo na kioo, kama mtu aliyekuja kuamuliwa kesi.

"Muulize alikuwa wapi," alisema. "Na huyo mtu wa Geita ni nani."

Obedi aliandika: SHIKAMOO MAMA. BABA ANAULIZA ULIKUWA WAPI. La Geita hakuliandika.

MARAHABA MWANANGU. NILIKUWA KARIBU NA MLANGO, NA NDIZI ZENU. BABA YAKO ALINYOA?

Mzee aligusa nywele zake.

"Mwambie bado. Mwambie niliambiwa hakusafiri."

NA HUKU WANANIAMBIA HIVYO HIVYO. WANATAKA ORODHA. TUMESIMAMA TU. NIANDIKENI.

Obedi aliipiga picha skrini, akaipeleka ofisi ya vivuko. Karani, dada mmoja aitwaye Precious, aliitazama picha bila kushangaa. Alisema kuna mtu wa Nyegezi alinunua mashine nyingine ya stoo ile ile, nayo imemharibia zulia. Akaeleza kwamba orodha ilifungwa, na jiwe la kumbukumbu limekwisha kuchongwa.

"Na mama yangu?"

"Lete tiketi yake, kaka."

"Waliopanda bila kuandikwa hawakupewa tiketi."

"Ndiyo," alisema Precious kwa upole. "Hawakupewa." Akamwita aliyefuata.

Aliporudi alimkuta baba yake ameketi uani na wembe mpya. Miguuni pake palikuwa na lile beseni, limejaa maji yaliyotoka kwenye kibodi.

"Ninyoe," alisema mzee.

Obedi alimnyoa kwa maji ya ziwa, taratibu, akizunguka makovu. Kisha mzee akasimama nyuma ya mwanawe, akamnyoa naye, akamkata mara mbili. Gladness alipita na ndoo, akaviona vichwa viwili vinang'aa. Aliitua ndoo, akaenda kwake kuleta mkeka, akautandika, akakaa. Kufikia jioni walikuwa wanawake kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa ameanza kulia kwa sauti, kama inavyopasa siku ya kwanza.

Obedi aliingia ndani, akaandika: TUMENYOA, MAMA.

 ASANTENI, kioo kikajibu.

Kisha Obedi akaandika jina lote la mama yake, Odeta na jina la babaye Odeta, ili aingie kwenye orodha, akabonyeza kitufe.

ABIRIA 120. ORODHA IMEJAA.

Umeme ulikatika mtaa mzima. Herufi hazikuzimika. Obedi alilirudisha beseni chini ya kibodi, akatoka kwenda kukaa na waliokuwa wakilia.