Kaseti ya Kupambwa kwa Hafidha

Hafidha hakuiona harusi yake. Siku ya kupambwa aliketishwa juu ya jukwaa, nyumbani kwao Malindi, na somo yake, yule bibi aliyemfunda, akamwambia, "Fumba macho mwanangu, usiyafumbue mpaka nikuguse. Bibi harusi hatazami watu." Basi akafumba. Alisikia ngoma na vigelegele, akanusa udi na asumini, wanawake wakapita mmoja mmoja kumtazama wakisema mashallah, naye humo gizani alijifariji kwa jambo moja tu: vidio ipo.

Miaka hiyo ya themanini vidio ilikuwa kitu kigeni, na mwanamume haingii kwenye kupamba. Ndipo Bi Hindu, mke wa mpiga picha, akajifunza kulibeba lile likamera begani. "Nitakupa kaseti yako," alimwahidi Hafidha. "Nyimbo zimo, maua yamo, hata wale waliofuata biriani tu wamo. Nilichokiona mimi, utakiona nawe."

Harusi haijapoa, Bi Hindu akaja na kaseti. Muhdhar, mumewe Hafidha, alikuwa kazini Kilifi, kwa hiyo wakaketi wao wawili mbele ya televisheni. Picha ikatoka. Hina ni ile, dhahabu ni ile, asumini ni ile. Na macho ya bibi harusi yako wazi.

"Bi Hindu! Mimi nilifumba."

"Ulifumba, wallahi. Nilikuwa mbele yako."

Yule wa kwenye kaseti hakuwatazama wageni. Alitazama mlangoni. Kisha macho yakaanza kusogea polepole, kama ya mtu anayemfuata mgeni anayeingia. Yakapita juu ya mikeka, katikati ya waimbaji, yakaja mpaka chini ya jukwaa. Pale hapakuwa na mtu.

Hafidha akafumba macho yake asione zaidi.

"Ngoja," akanong'ona Bi Hindu. "Kafumba. Hebu fumbua... Kafumbua! Fumba tena. Subhanallah, ukifumba wewe, naye hufumba."

"Ichome kaseti, Bi Hindu."

"Niichome? Mkweo kaalika mtaa mzima waje kuitazama Ijumaa. Zuleikha yule, mdomo wake waujua. Akiikosa, atasema kuna la kuficha. Akiyaona macho haya, atasema mwanawe kaoa mkavu wa macho, na somo yako hataitwa tena kumfunda mtoto wa mtu."

"Basi nifanyeje?"

"Fumba, mwanzo mpaka mwisho. Si uliweza siku ile?"

Ijumaa baada ya alasiri nyumba ikajaa. Bi Zuleikha alikaa mbele, kifua mbele. Hafidha akajiweka nyuma kabisa, peke yake kwenye kochi, na kaseti ilipowashwa akafumba.

"Mwamwona mkwe wangu?" akasema Bi Zuleikha. "Kope haitikisiki! Si kama yule wa mtaa wa pili, aliyekuwa akichungulia sahani za pilau."

Wanawake wakaangua kicheko. Hafidha naye nusura acheke. Alitamani aibe jicho moja tu, aone alivyopendeza, lakini akajizuia.

Wimbo ukafika mahali anapopajua, pale yule wa kwenye kaseti alipotazama mlangoni mara ya kwanza. Mlango wa chumba, nyuma yake, ukalia. Hakuna aliyepiga hodi. Hatua zikaja juu ya mkeka, hazina haraka, na hakuna mwanamke aliyesema karibu. Kochi likabonyea upande wake wa kushoto. Mkono wa baridi, wenye pete, ukaushika wake.

"Bi Hindu?" akaita kwa sauti ndogo.

"Nipo huku kwenye mashine," Bi Hindu akajibu kutoka mbele kabisa. "Endelea hivyo hivyo, mama, yaenda vizuri."

Afumbue, amwone ni nani? Akifumbua, mtaa mzima utaona. Hafidha akayabana macho mpaka machozi yakamtoka.

"Hafidha, mwanangu," Bi Zuleikha akamwita bila kugeuka, furaha imemjaa sautini. "Wayaona mambo yako?"

"Nayaona, mama," akajibu Hafidha, na ule mkono ukamkaza vidole.