Mapindo ya Suruali ya Gasana

“Hata mama yangu mzazi akija hapa na soksi za rangi, namrudisha nyumbani, na chakula chake cha mchana nitakwenda kukila vilevile! Jicho langu halipitwi na kitu, na moyo wangu hauna masikio.”

Gasana aliyatamka hayo juu ya ngazi za kanisa, mikono nyuma, kidevu juu, kama aliyekabidhiwa funguo za mji mzima wa Kigali. Mbele yake vijana wa chama cha parokia walikuwa wamejipanga: shati jeupe, suruali au sketi ya bluu iliyoiva, soksi nyeupe, viatu vyeusi. Walicheka. Walicheka kila Jumapili, kwa kuwa aliyechelewa kucheka ndiye aliyegunduliwa ana kucha chafu.

Alikuwa amemaliza sekondari mwaka uliotangulia na bado hajapata kazi ya kuutosha mdomo wake. Basi Padri akampa ukaguzi wa sare, labda ili mdomo huo upate mahali pa kushinda. Naye aliishika kazi hiyo kwa dhati. Yeye mwenyewe hakuna aliyemfikia kwa unadhifu. Suruali yake ilikuwa na mapindo mapana miguuni, yaliyogeuzwa nje na kunyooshwa kwa pasi ya mkaa. Alipotembea, mapindo yale yaligonga visigino vya viatu, na vijana wadogo walinyamaza wakisikia mgongano ule.

“Wasichana, magoti!”

Kanuni ilikuwa hiyo: msichana apige magoti barazani, na pindo la sketi yake liguse saruji. Sketi zote ziligusa, isipokuwa ya Mukandekezi. Yeye alikuwa mrefu kama mkaratusi wa kando ya barabara, na hata akiwa magotini kichwa chake kilizidi vya wenzake. Kati ya pindo lake na saruji paka mdogo angeweza kupita.

“Mukandekezi, sketi yako inaogopa sakafu?”

“Sketi ni ya dada yangu, sha. Nenda kamuulize Mukantwari kwa nini alizaliwa mfupi.”

“Sheria haimjui Mukantwari.”

“Na wewe je?”

“Mimi ndiye sheria. Nimevaa suruali tu.”

Kicheko kikazuka, na Gasana akainamisha kichwa kukipokea. Lakini Mama Nyiransabimana, mlezi wa chama, hakucheka. Alikuwa mwalimu wa miaka mingi, mpole wa sauti na mgumu wa maneno.

“Mukandekezi, mwanangu, wiki iliyopita ilikuwa hivi, na leo ni hivi. Jumapili ijayo ni Pentekoste. Atakayekosa sare siku hiyo hafungwi skafu ya uanachama, na jina lake linaondoka. Sitaki mtu aniambie baadaye kwamba sikusema.”

“Nimesikia, Mama.”

Hakuongeza neno, na hapo ndipo Gasana aliposhtuka. Kila Jumapili, ibada ikiisha, Mukandekezi alimngoja penye bomba la maji ili amlipe utani wake kwa riba: mara amwite Bwana Kola, mara amwambie masikio yake yamezidi kipimo. Siku hiyo alipita bomba bila kugeuka, akateremka njia ya kwao Gatsata, akiivuta sketi chini kwa vidole kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Wiki nzima Gasana alijaribu kuipata tena ladha ya kile kicheko. Haikupatikana. Angemwambia nini? Anunue sketi mpya? Kitambaa cha sare kililetwa mara moja kwa mwaka, na kilikuwa kimekwisha kabla ya Pasaka. Aiunge kwa kitambaa kingine? Kanuni ilikataza rangi ngeni, na aliyeisoma kanuni hiyo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa yeye. Kila alipolifikiria andamano la Pentekoste, aliuona mstari wa wasichana ukiwa sawasawa kama ua uliokatwa, bila kichwa kimoja kilichozidi. Mstari ule ulimtia baridi.

Jumamosi, walipokwisha kuweka majembe ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, aliikunja suruali yake kwapani akateremka Biryogo kwa Swafiya, fundi aliyewashonea vijana wote wa parokia. Swafiya alikuwa Mwislamu, babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, na ulimi wake ulikata kama mkasi wake. Mlangoni palikuwa na kandambili, ukanda mmoja umefungwa kwa waya. Gasana alizikanyaga akaingia.

“Hodi, dada Swafiya! Kuna kifungo kinataka kunitoroka.”

“Karibu, mzee wa sheria. Kaa. Usiikague benchi yangu, haina soksi.”

Gasana hakukaa. Chini ya sindano ya cherehani ililala sketi ya bluu, na kiunoni ilikuwa na alama ya mviringo, iliyokolea kuliko penginepo, mahali ambapo Mukantwari aliwahi kubandika mfuko. Aliifahamu alama ile. Kwa kweli alikuwa ameitazama mara nyingi kuliko kanuni zilivyodai.

“Hii unaifanyaje?”

“Naitazama tu,” Swafiya akajibu, akiinyoosha kwa kiganja. “Pindo lote nimelishusha. Hakuna kilichobaki. Kama ningekuwa na kipande cha kitambaa hikihiki, hata chembamba, ningezungusha ukanda chini na mtu asijue. Sina.”

Nje muuza vitumbua alipita akiita. Gasana alitazama suruali iliyokuwa kwapani mwake kama mtu anayetazama mbuzi aliyemlea mwenyewe.

“Mapindo yangu ni mapana,” akasema.

“Nayaona. Mji mzima unayaona.”

“Yakate.”

Swafiya alivua miwani. “Gasana, mapindo peke yake hayatoshi. Nitaingia hadi kwenye mguu wenyewe, kisha suruali nayo itataka pindo jipya. Kesho vifundo vya miguu yako vitahudhuria ibada.”

“Vina dhambi, acha viende.”

“Wewe huyu? Si ndiwe uliyeikataa sketi hii?”

Hapo utani ulimponyoka. Alishika ukingo wa meza ya cherehani, akasema kwa sauti ya chini, haraka, kama anayetema kitu cha moto:

“Akirudishwa kesho, hatakuja tena. Namjua. Atasema kanisa ni la watu wafupi, atacheka, halafu hatakuja. Na mimi nitamkagua nani? Wale wengine wote nawatazama kwa sababu ya kazi.” Akatupa macho mlangoni. “Ukimwambia mtu, nitasema ulikata kwa bahati mbaya.”

“Na mimi nitasema ulilia.”

“Sikulia!”

“Bado,” Swafiya akasema, na mkasi ukaanza kula kitambaa. Pazia la chumba cha nyuma lilitikisika kidogo. Gasana alidhani ni upepo.

Siku ya Pentekoste kanisa lilijaa hadi barazani. Wasichana walipopiga magoti, sketi ya Mukandekezi ililala juu ya saruji, tulivu, na ukanda wa chini ulishonwa vizuri hata mshono ukafanana na urembo.

“Sketi imepona woga,” Gasana akasema, akapita upesi.

“Imepata daktari,” Mukandekezi akajibu, macho chini.

Akaapa mbele ya Padri. Kisha ukaja utaratibu wa skafu. Katika chama kile hakuna aliyejifunga mwenyewe: mwanachama mpya humchagua mmoja amfunge, halafu yeye humkagua aliyemfunga, kuanzia kola hadi kiatu, mbele ya watu wote. Akimwona sawa husema, “Sare imetimia.” Akimwona na kasoro husema, “Nenda urudi.”

“Nani akufunge?” Mama Nyiransabimana akauliza.

Mukandekezi akaunyoosha mkono wake mrefu kumwelekea Gasana.

Alifunga. Fundo lilimpiga chenga kwanza, likakubali pale aliposhusha pumzi. Kisha akasimama wima, na macho ya Mukandekezi yakaanza safari: kola, vifungo, mkanda, magoti. Yalipofika chini yakakaa. Soksi zilikuwa ndefu, alizivuta hadi zilipogoma, lakini kati ya soksi na suruali kulikuwa na ngozi, na ngozi ile ilionekana na kila mtu. Mtu akaguna. Kwaya ikabana kicheko.

“Mkaguzi,” Mama Nyiransabimana akasema taratibu, “mapindo yako yamekwenda wapi?”

“Ah, suruali imesinyaa, Mama. Sabuni ya siku hizi kali mno. Nimeifua jana, nikaianika, nikageuka, ikawa ya mdogo wangu!”

Kanisa likacheka, na Gasana akahisi ardhi ikirudi chini ya miguu yake. Lakini Mukandekezi hakucheka. Akasogea karibu, kama anayetaka kumnyooshea kola, akanong’ona:

“Zile kandambili ulizozikanyaga mlangoni zilikuwa zangu.”

Gasana hakuelewa. Kisha akaelewa, na joto likampanda kutoka vile vifundo hadi masikioni.

“Swafiya aliniazima kitenge,” Mukandekezi akaendelea, vidole vyake bado viko kwenye kola. “Nilikaa nyuma ya pazia nikiingoja sketi yangu. Unasema kwa sauti kubwa sana, Gasana, hata ukinong’ona.”

“Ulisikia...?”

“Tangu kifungo.”

Mukandekezi aliinyoosha kola ambayo haikuwa na kasoro, akarudi nyuma hatua, akawageukia waumini waliokuwa wakingoja tamko lake: sare imetimia, au nenda urudi. Upepo uliingia kwa mlango mkubwa ukapita vifundoni mwa Gasana. Hakuivuta suruali. Alisimama hivyohivyo, mikono ubavuni, akimtazama akivuta pumzi ya kusema.