Spinachi ya Banda la Saba

Saa saba na robo mchana fundi wa lifti alimaliza kupaka grisi kamba za lifti ya jengo la ghorofa tisa. Aliipandisha na kuishusha mara tatu ikiwa tupu, akatia saini kwenye daftari la mlinzi, akanawa mikono kwa sabuni ya unga hadi viwikoni. Kisha akatoka kwenda kwenye kazi iliyoishinda kwa ugumu ile ya lifti, nayo ni kutafuta chakula.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mfupi, mwenye mkoba wa bisibisi begani. Kampuni ilimtuma mji huu wiki hii na mji mwingine wiki ijayo, na katika miji yote hiyo hakugusa nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Hakukatazwa na dini, wala hakuwa akipunguza mwili. Tangu alipokuwa na miaka tisa, akila kitu cha mnyama, mnyama mwenyewe alizungumza tumboni mwake kwa saa tatu hivi, mpaka chakula kisagike. Kuku wa kwanza alilalamikia joto la banda. Ng'ombe aliulizia ndama wake, akauliza tena, akauliza tena, hadi mama yake fundi akashindwa kuvumilia na kutoka nje. Daktari aliweka kifaa chake kitovuni, akamsikiliza yule ng'ombe mpaka mwisho, akaandika vidonge vya gesi na kumshauri mtoto ale mimea.

Ushauri ulikuwa mzuri, shida ilikuwa mikahawa. Fundi alikuwa na maswali yake: maharagwe yameungwa na nini, mafuta ni ya nini, na mwiko unaokoroga sufuria hii ndio unaokoroga ile? Wahudumu walimwitikia kwa moyo mkunjufu. "Ni mboga tupu, dada, nyama tumeshaitoa." Au: "Hakuna kuku humo, ni supu yake tu." Mara ngapi alirudi juu ya lifti akining'inia shimoni huku mbuzi akimwambia habari za safari ya lori! Basi katika miji mingi alimalizia kwa ndizi na karanga, tumbo likiwa kimya na njaa ikiwa palepale.

Siku hiyo alipata bahati. Nyuma ya jengo, kati ya duka la vioo na kinyozi, palikuwa na mkahawa wa meza sita ambao mpishi wake, mama mnene mwenye miwani, hakupika kitu chochote cha mnyama. Hakuwa na hata sufuria iliyowahi kuonja mfupa. Fundi alipouliza maswali yake, mpishi alimshika mkono, akamwingiza jikoni na kumfungulia kila mfuniko. Uyoga, boga, maharagwe, wali, na sinia kubwa la spinachi iliyoungwa kwa vitunguu na karanga za kusaga. Fundi nusura atokwe na machozi. Alikula sahani nzima, akaongeza nyingine, akashushia maji ya moto yenye tangawizi. Akaegemea kiti, akafumba macho.

"Samahani, dada," sauti ya mwanamume ilisema tumboni mwake. "Hapa ni wapi?"

Fundi alifumbua macho. Wanyama aliwazoea. Hii ilikuwa sauti ya mtu, nzito kidogo, yenye kikohozi, na ilimsubiri ajibu. Alitaja jina la mji kwa sauti ya chini.

"Mbali hivyo," sauti ilisema. "Mimi ni Baba Pacha. Nilikuwa napulizia dawa kwenye Shamba la Nailoni, ndani ya banda la saba la mboga. Pampu ya tangi la dawa iliziba, msimamizi akaniambia niingie niizibue. Nilimwambia mvuke wa mle ndani unaua. Akasema nitumie dakika mbili tu. Walinifukia kwenye tuta la kumi na tisa, wakapanda spinachi siku ileile. Una kalamu? Andika namba ya mke wangu."

Fundi aliandika. Kisha akamwita mpishi na kumweleza.

Mpishi alivua miwani akaifuta kwa aproni. "Ah, yule," alisema. "Wewe si wa kwanza kumsikia. Kuna mwalimu mmoja hula hapa, naye hufika darasani akikohoa kikohozi kisicho chake."

"Na bado unaipika?"

"Mdogo wangu, mji mzima unaletewa spinachi na lori lile moja. Nikiiacha nitapika nini, mawe?" Alivaa miwani yake. "Mimi mwenyewe siku hizi nala boga."

Kituo cha polisi kilikuwa mtaa wa pili. Polisi wa kaunta alisikiliza bila kukunja uso, akainama mpaka sikio lake likakaribia mkanda wa fundi, akasema, "Hujambo, mzee. Anza upya, polepole." Baba Pacha alianza upya. Polisi aliandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri wa kulala, akauliza upana wa tangi, akauliza jina la msimamizi, hoteli ya fundi na namba ya chumba. Kisha akaweka kalamu.

"Maelezo yamenyooka," alisema. "Kilichobaki ni mlalamikaji kufika mwenyewe, na kitambulisho."

"Kitambulisho changu kiko ofisini kwa msimamizi," Baba Pacha alisema. "Huwa tunawaachia tukiingia."

"Basi hapo ndipo penye tatizo," polisi alisema kwa huruma ya kweli, akafunga faili. Ilipofika saa kumi na moja jioni sauti ilififia, ikakohoa mara ya mwisho, ikaisha.

Kesho yake mchana fundi alirudi mkahawani kula boga. Kabla sahani haijafika, mwanamume mmoja alivuta kiti akaketi mbele yake. Alivaa shati jeupe lenye kijani kidogo mfukoni, mshono wa jani la spinachi linalotabasamu. Kucha zake zilikuwa safi. Alimsalimia vizuri, akauliza kuhusu kazi, akamtajia hoteli aliyolala na namba ya chumba, kama mtu anayemkumbusha miadi.

"Mimi ni wa mahusiano, shambani," alisema. "Tunajali sana wateja wetu. Nimesikia jana chakula hakikukukalia vizuri."

Fundi alivuta mkoba wa bisibisi karibu na miguu yake.

"Namba uliyopewa sidhani kama umeipiga. Na ningekuwa wewe nisingeipiga." Alichukua kijiti cha meno, akakivunja vipande viwili, akavipanga sambamba juu ya kitambaa cha meza. "Kazi yako ni ya hatari, dada. Mashimo marefu yale. Mtu mmoja juu, kamba moja chini ya miguu. Huwa nawaambia wenzangu, mafundi wa lifti ndio watu majasiri kabisa." Alisimama, akarudisha kiti mahali pake. "Huyo Baba Pacha angalau alipandiwa mboga juu. Shimoni hakuoti kitu. Nani atakusikia?"

Alimuaga mpishi kwa jina lake, akatoka. Boga lilipofika fundi aliliacha mezani. Alasiri alikagua kila pingili ya kamba kwa vidole, mara mbili, akaondoka mjini siku hiyo kabla jua halijazama.

Mji uliofuata ulikuwa na majengo marefu zaidi, na lori lenye jani linalotabasamu lilikuwa limeegeshwa nje ya stendi alikoshukia. Kwa siku nne fundi aliishi kwa ndizi na karanga. Shimoni alisikia hatua juu yake ambazo hazikuwa za mtu. Zilikuwa za mota ikipoa. Hotelini aliegemeza kiti mlangoni. Mikahawa ilikuwa mingi, na mmoja ulikuwa na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki kwamba humo hakipikwi kitu chenye damu. Alipita mbele yake kila siku akitazama upande wa pili wa barabara, kama mtu anayekwepa kukutana na jamaa.

Siku ya tano mchana, akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo, aliipiga ile namba. Hakuwa amepata ujasiri wowote. Aliona tu kwamba woga ulikuwa umeshamfika kooni, na kwamba kupiga simu au kutopiga hakungeushusha.

Aliyepokea alikuwa binti mwenye sauti nyembamba iliyokwaruza kidogo, kama ya mtu aliyecheka sana jana. "Subiri, namwita Mama," alisema. "Nani nimwambie?"

"Mwambie ni habari za Baba Pacha."

Kisha sauti ya mtu mzima ikasema haloo. Fundi alieleza yote, tangi, tuta, banda la saba. Mama Pacha hakumkatiza. Mwishoni alisema, "Shambani waliniambia amekimbia na mwanamke wa kantini. Miezi minane nimemtukana kila asubuhi nikifagia." Akapenga kamasi. "Naweza kuongea naye?"

"Chakula kilishasagika, dada. Hayupo tena. Labda nile nyingine."

Mama Pacha alimwambia binti atoke nje, kisha akarudi kwenye simu.

"Basi kula, mdogo wangu," Mama Pacha alisema.

Fundi aliingia kwenye mkahawa wa ubao. Aliagiza spinachi peke yake, akaketi akiuegemea ukuta ili aone mlango. Tonge la kwanza alilisukuma kwa maji. Alipomaliza sahani alipiga namba, akaifunika simu tumboni kwa mikono miwili kama mtu anayejipasha joto, akasubiri.

"Mama Pacha?" sauti ilisema.

Waliongea hadi saa tisa na nusu. Kwanza Mama Pacha alilia, kisha akamgombeza kwa kukubali kuingia tangini, kisha wakaongea mambo ya nyumbani: paa la jikoni, jirani aliyehama, ufunguo wa sanduku. Fundi alikazia macho mlangoni, akijitahidi kutosikiliza, jambo lisilowezekana kwa mwenye tumbo. Katikati ya mazungumzo sauti nyingine, ya mwanamke, iliuliza kwa upole kama wakimaliza na yeye angeweza kutumia simu. "Huyo ni wa kantini," Baba Pacha alieleza. "Aliletwa baada yangu. Alikuwa amewauliza niko wapi."

Mama Pacha alifunga safari kwenda shambani na dada zake wawili. Walipokewa vizuri getini, wakapewa viti na soda. Mtu wa mahusiano mwenyewe aliwaonyesha banda la saba kutoka mlangoni, mistari na mistari ya kijani, akasema kuchimba tuta katikati ya msimu ni kuua mimea isiyo na hatia. Wakati wa kuondoka aliwapakilia kreti mbili za spinachi. Mama Pacha alizipika. Jioni ile familia nzima ilimsikia baba yao akiomba radhi kwa kuchelewa kurudi.

"Usihangaike tena, mdogo wangu," alimwambia fundi kwenye simu. "Sasa ninaye hapa nyumbani. Nanunua sokoni asubuhi, mchana tunaongea."

Ikawa hivyo katika miji mingi. Watu waliopoteza ndugu zao kule walikuwa wateja waaminifu kuliko wote, na shamba likajenga banda la nane, halafu la tisa. Polisi wa kaunta alipandishwa cheo kwa ajili ya mwandiko wake. Fundi aliendelea na safari zake, akikagua kamba kwa vidole, akila boga kila lilipopatikana. Woga haukumwisha ila ulikaa mahali pake, kama jiwe dogo kiatuni ambalo mtu amechoka kulitoa.

Mwezi wa sita Mama Pacha alipiga simu asubuhi, jambo ambalo si desturi yake.

"Binti yangu mkubwa, yule aliyekupokelea simu, ameajiriwa," alisema.

"Hongera. Wapi?"

"Kulekule. Walisema nafasi ya baba yake iko wazi, na wanapenda kuwaangalia watu wao. Baba yake alikataa. Alipiga kelele humu tumboni mpaka nikashindwa kufunga begi la mtoto. Nikamwambia, sawa, wewe umekataa, lakini nyumba itakula nini? Nilifunga begi akiendelea kulia."

Fundi aliuliza amepangiwa kazi gani.

"Pampu," Mama Pacha alisema.

Tangu siku hiyo fundi aliacha boga. Kila mji aliofika, mchana, alitafuta mkahawa unaoletewa mboga na lile lori, akaagiza spinachi, akaketi ukutani. Alikula polepole kupita kiasi, akitafuna tonge na kusikiliza, akitafuna na kusikiliza. Baba Pacha alimsalimia, wa kantini alimsalimia, na siku nyingine walikuwepo wageni wasiojulikana waliouliza hapo ni wapi, naye akawaambia na kuwaandikia namba zao. Lakini sauti aliyoisubiri ilikuwa moja, nyembamba, ya kukwaruza kidogo.

"Chakula kina tatizo, dada?" mhudumu mmoja alimwuliza, akiona sahani haipungui.

"Hapana," fundi alisema. "Ni kitamu."

Akachota kijiko kingine, akakitazama, akakipeleka mdomoni.